Masizi Juu ya Barafu

Solfrid Aunevik alianza kumshuku rubani wake kwa sababu ya tabasamu.

Lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja wa mdomo, la mtu anayejua jambo na hasemi. Lilimjia Torleiv Krokvik kila walipokuwa mbali kaskazini ya visiwa, barafu tupu chini yao, ndege ikizunguka duara ambalo Solfrid mwenyewe aliliomba. Ndege hutikisika kidogo, mara moja tu, kama gari likipita juu ya tuta. Torleiv hutabasamu. Kufumba na kufumbua, kwenye kioo cha mashine ya Solfrid mstari wa masizi uliokuwa umelala chini hupanda ghafla, ukakaa juu kitambo, kisha ukashuka.

Mara ya kwanza hakuunganisha mambo hayo matatu. Furaha ilimzidi. Masizi juu kule, mahali pasipo gari, kiwanda wala jiko! Kama kweli kulikuwa na utando wa hewa chafu uliosafiri kutoka nchi za watu ukaja kutanda juu ya barafu, basi ni yeye aliyeuona kwanza. Masizi yakianguka kwenye barafu huitia weusi, weusi huvuta jua, na barafu huyeyuka kabla ya wakati wake. Hilo lilikuwa jambo la kusimama nalo mbele ya watu.

Na alikuwa na haja kubwa ya jambo la kusimama nalo. Ndege yao, waliyoiita Teista kwa jina la ndege mweusi wa baharini, ilikuwa imeruka majira ya joto mengi kabla yake, mrija wake ukichomoza juu ya paa mbele kabisa ili kuvuta hewa, mashine zikiwa zimejazana tumboni. Wenzake wote walipima kwa kuruka mstari ulionyooka. Yeye, aliyetoka kwenye kituo cha kupimia hewa mlimani na huo ndio mwaka wake wa kwanza angani, akaja na neno lake: kupima kwa kupita ni sawa na kuonja mchuzi kwa kupita mlangoni mwa jikoni. Anataka ndege ibaki mahali pamoja, kimo kimoja, izunguke na kurudi palepale, mashine inywe hewa ishibe. Oddlaug Bremnes, mkuu wa safari zote, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, alikubali shingo upande. Alimwambia mafuta si maji, na maduara yakitoka kapa, mwakani sanduku la mashine yake litabaki chini pamoja na mwenyewe.

Kwa hiyo utando ule ulikuwa ndio kiti chake ndani ya Teista. Alilala nao akaamka nao. Mpaka siku moja, akipanga vipimo vyake kwa tarehe, akaona kitu kilichomkausha mate. Masizi yalitokea siku za zamu ya Torleiv tu. Siku za Jostein, rubani kijana, hewa ilikuwa safi kama maji ya theluji.

Jambo la kwanza aliloliondoa akilini ni moshi wa ndege yenyewe. Mrija uko mbele, injini ziko nyuma yake, na ndege inakimbia. Anayekimbia huacha vumbi lake nyuma, hata mtoto anajua. Hilo akalifuta mapema, akaridhika nalo, wala hakulirudia tena. Kilichobaki kilikuwa mtu.

Na mtu huyo, kusema kweli, alikuwa na sababu. Torleiv alikuwa mwana wa mchimba makaa na mjukuu wa mchimba makaa. Mgodi wa mwisho wa mji ulipofungwa, wengine walipiga picha na kula keki. Yeye alikwenda akasimama peke yake kwenye lango mpaka taa zikazimwa. Hakuwahi kuficha aliyowaza juu ya watu wa kupima hewa. Pale kantini, juu ya sahani ya vibibi vya kuokwa kwenye chuma na jibini ya kahawia, aliwaambia mbele ya wote, "Nyinyi mnachoma mapipa ya mafuta kwenda kunusa moshi." Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Solfrid alicheka nao siku hiyo. Baadaye aliikumbuka kauli ile kitandani, na haikumchekesha hata chembe.

Wasiwasi ndio akili, husema watu. Kwa Solfrid wasiwasi ulikula akili yote ukabaki wenyewe. Alianza kumtazama mzee wa watu kwa jicho la pembeni. Aliona kwamba hufika uwanjani kabla ya wote. Aliona kwamba akiikagua ndege hupanda kingazi na kuupapasa mrija kwa kiganja, taratibu, kana kwamba anampapasa farasi. Kwa nini aupapase? Marubani hukagua mabawa na magurudumu. Mrija ni wa watu wa mashine. Siku nyingine, wakiwa wawili tu kwenye ndege inayopasha injini, Torleiv aligeuka akamuuliza swali la ajabu.

"Hiyo mashine yako, binti, inaona kila kitu? Hata pumzi ya mtu akikaa humu ndani peke yake?"

Solfrid alijibu kwamba inaona karibu kila kitu. Alisema hivyo ili amtishe. Torleiv akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye saa zake za urubani. Tangu hapo Solfrid akaacha kunywa kahawa ya chupa ya Torleiv. Alisingizia tumbo.

Ikaja Jumapili.

Jumapili hairuki ndege, na kibanda chake kikubwa kando ya uwanja hukaa kimya, pana baridi na harufu ya mafuta. Solfrid alikwenda asubuhi kuchukua kifaa alichokisahau. Mji ule, kila mtu huvua viatu mlangoni, iwe nyumbani, hotelini au kwa daktari wa meno. Ni desturi ya tangu enzi za vumbi la makaa, na mgodi umekufa desturi imebaki. Solfrid aliipeleka mpaka kwenye Teista. Alikataza kiatu chochote kupita ngazi ya ndege, kisije kikamletea vumbi kwenye mashine. Kwa hiyo ukitaka kujua nani yumo ndani, unatazama chini ya ngazi. Na mji wenyewe ni mdogo, viatu vya kila mtu vinajulikana.

Chini ya ngazi palikuwa na buti za Torleiv, zile za kamba nyekundu, zimepangwa sawasawa, visigino vimeelekea ngazi.

Solfrid alizitambua papo hapo. Alivua vyake akavishika mkononi, akapanda vidato viwili vya kwanza kwa soksi, akasimama. Kutoka chumba cha rubani ilikuja sauti ndogo ya kukatika-katika, kitu kama kusugua, kisha kimya, kisha tena. Mrija wa hewa unapita hapo hapo, juu ya kichwa cha rubani. Solfrid alijiambia, leo nimemkamata. Lakini hakupanda. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa mzozo na mzee yule mrefu kwenye kibanda kitupu, na aliogopa zaidi kwamba akimshtua sasa atakana na hatashikika tena. Akarudi kinyumenyume. Ngazi ililia kidogo chini ya mguu wake. Sauti ya ndani ikakatika kabisa. Solfrid akatoka mbio na viatu mkononi, akavivaa nje kwenye changarawe, soksi zimelowa.

Jumatatu, mtu wa kwanza kuingia ndani ya Teista alikuwa yeye. Alipekua chumba cha rubani kwa tochi kama mwizi. Chini ya kiti cha kushoto, imesukumwa nyuma, alikuta leso ya mfukoni, ya kitambaa cheupe cha kizamani, imefinyangwa ikawa donge gumu. Hakuigusa kwa mkono. Aliishika kwa koleo ndogo akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda nayo chumba cha vipimo mjini. Alitegemea masizi. Alitegemea mafuta, jivu la makaa, kitu chochote cheusi ambacho mtu angekipuliza mrijani. Leso haikuwa na masizi hata punje. Ilikuwa na chumvi.

Chumvi ilimchanganya kuliko masizi. Alikaa akiitazama karatasi ya majibu. Mtu mwenye akili timamu angesema chumvi ni chumvi, akairudisha leso kwa mwenyewe. Solfrid alikuwa ameshavuka hapo. Mtu akishaamua, hata kisichomsaidia atakitia kapuni. Alijiambia kwamba mzee anasafisha mrija kwa maji ya chumvi baada ya hila zake, ili asiache alama, mjanja kweli. Akaona ameshapata kila alichohitaji. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na akainuka kwenda kwa Oddlaug.

Oddlaug alimsikiliza akiwa amefunga mikono kifuani. Alitazama vipimo vilivyopangwa kwa zamu, siku za Torleiv chafu, siku za Jostein safi. Alitazama leso. Alisikia habari za Jumapili na za mrija kupapaswa. Alimuuliza kama ana hakika, na Solfrid akasema vipimo havisemi uongo. Akamuuliza kama amemuuliza Torleiv mwenyewe. Solfrid akajibu kwamba mtu kama huyo ukimuuliza unampa nafasi ya kuficha. Oddlaug akasema kwamba ndege ya mwisho ya majira ni Ijumaa, na Ijumaa ni zamu ya Torleiv.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito, na wote wawili walijua. Jumamosi Torleiv angetimiza umri ambao sheria humtaka rubani ashuke asipande tena. Ijumaa ndiyo ingekuwa ndege yake ya mwisho maishani. Wazima moto wa uwanjani walishasema watatoa gari lao na kuirushia Teista maji kutoka pande zote ikirudi, kama wanavyomfanyia rubani anayestaafu. Magnhild, mkewe, alishaagiza lozi za kutosha kwa keki ya mji mzima.

Solfrid alijua yote hayo. Aliambiwa achague neno lake vizuri. Naye akasema, kwa sauti iliyotulia, kwamba kama Torleiv atakuwa kwenye usukani Ijumaa, yeye hawezi kuzikubali hesabu za siku hiyo, na pengine za mwaka mzima.

Ijumaa asubuhi Oddlaug alimwita Torleiv pembeni, nje karibu na matangi ya mafuta. Solfrid aliwaona kupitia dirishani. Hakusikia kitu. Alimwona mzee amesimama wima, kofia mkononi, akisikiliza. Hakubishana. Aliuliza jambo moja, Oddlaug akatikisa kichwa. Kisha Torleiv akaja mpaka kwenye Teista, akapanda kingazi chake, akaupapasa mrija kwa kiganja, akashuka, akaondoka kwa miguu kurudi mjini, kwa ile barabara ya kando ya ghuba. Solfrid akajisemea: tazama, hata leo ameugusa.

Jostein ndiye aliyerusha. Siku zote Jostein hurusha huku akila chokoleti na kuimba nyimbo za redio kwa sauti mbaya, na maduara yake huwa kama yai, mara yamepanda, mara yameshuka. Solfrid alikuwa akimtania kwamba anazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wake. Siku hiyo hakuimba. Chokoleti ilikaa kwenye mfuko wa kiti bila kufunguliwa. Walipofika juu ya barafu, akasema kwenye vipokea sauti kwamba leo anazungusha kama mzee, kwa sababu hii ilikuwa ndege ya mzee, na aliyemtoa humo Mungu anamjua.

Solfrid aliinamia mashine yake. Alikaza macho kwenye kioo chake.

Duara la kwanza likawa yai. La pili Jostein akaliendea ameuma meno, mkono umetulia, jicho kwenye saa ya kimo. Bawa moja likielekea barafu, jingine mbinguni, wakaenda, wakaenda, mpaka mwanzo ukakutana na mwisho. Ndege ikatikisika kidogo, mara moja tu.

Jostein akatabasamu. Tabasamu lilelile, la upande mmoja.

Na mstari wa masizi ukapanda.

"Umefanya nini?" Solfrid aliuliza. Aligeuka kutoka kwenye kioo kumtazama.

"Nimeupata," alisema Jostein. "Mtikiso wa mzee. Yeye ndiye aliyenifundisha. Ukizungusha duara sawasawa, hupandi wala hushuki, unarudi kwenye njia yako mwenyewe, unaukanyaga upepo uliouvuruga mwenyewe. Ndege inakushtua. Ukishtuliwa, jua umefaulu. Mimi nimefaulu mara mbili maishani, na hii ndiyo ya pili. Yeye haukosi. Kila duara anaupata, halafu anatabasamu peke yake kama mtoto aliyepewa peremende. Hujawahi kumwona?"

Alikuwa amemwona. Alimwomba Jostein arudie. Jostein akarudia, akakosa, akarudia tena, ndege ikatikisika, masizi yakapanda. Akamwomba azungushe vibaya. Jostein akasema hiyo ndiyo kazi anayoijua, akazungusha yai lake la kila siku, na hewa ikawa safi. Gesi za moshi, ambazo mashine ilizipima pia, nazo zilisema lilelile. Zilipanda na masizi kwa kiasi kilekile kinachotoka kwenye bomba la injini. Hakukuwa na utando. Hakukuwa na hewa chafu ya nchi za watu, wala mtu aliyepuliza kitu mrijani. Anayekimbia huacha vumbi lake nyuma, isipokuwa anayekimbia duara. Solfrid ndiye aliyeomba duara. Ndiye aliyesema, rudi palepale. Rubani mbovu akashindwa kurudi, akampa hewa safi. Rubani hodari akarudi palepale kama alivyoombwa, akanywesha mashine moshi wake mwenyewe. Na kwa uhodari huo ndio akashtakiwa.

Wakageuza kurudi. Kiti chake kwenye Teista alijua kimekwenda. La ajabu, halikumuuma lile. Kilichomuuma ni hiyo Ijumaa, ndege ya mwisho ya mzee, na jua lililokuwa likitembea taratibu upande wa magharibi.

Wazima moto walikuwa wamejipanga kando ya uwanja na gari lao. Hakuna aliyewaambia waondoke, na hakuna aliyefungua maji. Walisimama mikono mifukoni, wakaitazama Teista ikipita mbele yao ikiwa kavu. Jostein aliwapungia mkono, hawakumrudishia.

Solfrid alikwenda moja kwa moja kwa Oddlaug akamwambia yote, bila kupunguza wala kujitetea. Oddlaug aliinamisha kichwa. Alisema kosa lina wenyewe wawili, kwani yeye ni mkuu na alipaswa kumsikiliza mzee kabla ya kumshusha. Solfrid akamsihi: siku haijaisha, jua la huku majira ya joto halizami, Teista ina mafuta, apandishwe hata azunguke juu ya mji tu, ashuke, arushiwe maji yake. Oddlaug akamwonyesha dirisha. Ukungu ulikuwa umeshaingia kutoka baharini, umelala juu ya ghuba, mwisho wa uwanja hauonekani. Ungekaa mpaka kesho, na kesho ni Jumamosi.

"Sikumtajia jina lako," Oddlaug alisema. "Aliniuliza ni nani, nikamnyima. Hilo nakuachia wewe."

Nyumba ya Torleiv ni ya mbao, rangi ya njano, kwenye safu ya juu ya nyumba za mji. Magnhild hakuahirisha keki. Alisema lozi zimeshasagwa na mji umeshaalikwa, na mumewe hajaiba kitu. Solfrid alipofungua mlango wa nje, kibaraza cha ndani kilikuwa kimejaa viatu mpaka ukutani: buti za wazima moto, viatu vya mwalimu wa shule, raba za Jostein zilizotupwa hovyo. Katikati zilikuwepo zile za kamba nyekundu, visigino ukutani. Alivua vyake. Hakukuwa na nafasi, akaviweka karibu kabisa na mlango. Kutoka ndani zilikuja sauti za watu wanaojitahidi kuchangamka.

Torleiv alisikia mlango akaja mwenyewe, na soksi za sufu, sahani mkononi. Alifunga mlango wa sebule nyuma yake, wakabaki wawili katikati ya viatu. Alionekana amezeeka kwa siku moja. Alimuuliza kama tumbo limepona, maana keki ya Magnhild si ya mtu mwenye tumbo.

Solfrid alianza kwa upande rahisi, kama waoga wote. Alimweleza masizi. Alimweleza duara, mtikiso, yai la Jostein. Alisema masizi yale yalikuwa ya Teista yenyewe, na kwamba hapakuwa na mtu yeyote aliyeharibu chochote, na Oddlaug ameshajua. Torleiv alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Si niliwaambia? Mnachoma mafuta kwenda kunusa moshi." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Lakini niambie, binti. Ni nani aliyempelekea Oddlaug maneno? Tangu asubuhi nawapitia mmoja mmoja. Nimemfikiria Jostein, Mungu anisamehe, labda anataka kiti. Nimemfikiria fundi. Nimewashuku watu waliokula chumvi yangu miaka yote. Ni kitu kibaya kumshuku mtu. Mchana kutwa nimekuwa nacho na sikitaki. Wewe tu ndiye sikukuhesabu."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya Jumapili ile."

Solfrid akahisi baridi ya sakafu ikipanda kwenye soksi zake.

Torleiv aliitazama sahani. Alisema alikuwa amekwenda kuiaga Teista peke yake, kabla watu hawajaanza mambo yao ya maji na hotuba. Alikaa kwenye kiti chake, akadhani atakaa kidogo tu, ikamjia kama inavyomjia mtu msibani. Alilia vibaya, alisema, mtu mzima, leso mdomoni ili asijisikie mwenyewe. Na leso yenyewe hata hajui aliiacha wapi. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo alimuuliza kama mashine inaona pumzi. Aliona aibu mapema.

"Halafu nikasikia ngazi," alisema. "Nikasema basi, nimeaibika. Nikachungulia kwenye kidirisha, nikakuona unatoka mbio na viatu mkononi, kwenye changarawe ile, kwa soksi. Hukutaka hata visigino vyako visikike. Nikajua umenisikia nalia, ukaamua kunisitiri. Na hukumwambia mtu. Jumatatu nilikusubiri uniangalie kwa huruma, hukuniangalia kabisa. Nikakushukuru sana moyoni. Sikukwambia, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi. Leo nakwambia."

Sebuleni mtu alianza kugonga kikombe kwa kijiko, akiwaita watu wakae.

Solfrid alikuwa na njia ya kupita. Angeweza kuipokea sahani, akaingia, akala keki ya lozi, na Oddlaug asingesema kamwe. Aliiona njia hiyo wazi mbele yake. Aliziona pia buti za kamba nyekundu, zimepangwa sawasawa, kama zilivyokuwa chini ya ngazi.

"Ni mimi," alisema. "Niliyempelekea Oddlaug maneno ni mimi. Leso yako ninayo. Niliipima."

Torleiv alimtazama. Uso wake haukukasirika. Ulitafuta-tafuta tu, kama mtu aliyeingia chumba akasahau alichofuata.

"Uliipima," alisema. "Ukakuta nini?"

"Chumvi."

"Na Jumapili. Pale kwenye ngazi. Hukunisikia nikilia?"

"Nilisikia sauti. Nilidhani unaharibu mrija wangu. Nilikimbia usinione."

Kijiko kiligonga tena. Magnhild aliita jina la mumewe kutoka ndani. Torleiv aliinama, akaiweka sahani juu ya kabati la viatu, taratibu, kipande cha keki juu yake hakijaguswa.

"Basi," alisema, "hakuna aliyenisikia."

Akafungua mlango wa sebule, akaingia kwa wageni wake. Hakuufunga nyuma yake, wala hakumwambia Solfrid aingie. Solfrid alibaki amesimama katikati ya viatu vya mji mzima, vyake vikiwa karibu na mlango.